Mstari Ulioshuka Buna

Ifrah, aabo,

Ni ajabu kumwandikia mtu barua huku unamsikia akicheka chumba cha pili. Wewe na mama yako mnabishana kama sanduku litafungika au halitafungika, na mimi nimekaa hapa barazani na karatasi zangu. Nimeshaswali alasiri, chai imeshapoa. Basi la Nairobi linaondoka alfajiri. Kuhusu safari sitasema kitu. Mama yako ameshakuambia uweke kitambulisho karibu, ufunge mkoba wako mapajani, na mjomba wako atakuwa kituoni kabla hujashuka. Hayo yana mwenyewe. Mimi kuna swali uliniuliza wiki iliyopita nikakimbia, na sitaki uondoke na mgongo wangu kama jibu.

Ulikuwa unajifunza kwa ajili ya ule mtihani wa Kiingereza unaokwenda kuufanya Nairobi, wa wanaotaka kusoma ng'ambo. Wanakupa jedwali au grafu, unaandika insha ya kuieleza. Ulichora grafu yako mwenyewe, ya wagonjwa wa malaria waliofika zahanati ya mtaa wetu wakati wa mafuriko na baada yake, ukanisomea insha uliyoiandika. Kiingereza chako kilikuwa safi kuliko changu. Mstari ulipanda kwa kasi, ukafika kilele, ukashuka taratibu, ukatulia. Nilikuwa natabasamu kama mtu anayesikiliza kisomo cha mwanawe madrasani. Halafu ukafika sentensi ya mwisho: kwamba kushuka huko kunaonyesha wazi kuwa afya ya wakazi ilikuwa imeimarika.

Nikasimama. Ukanifuata mpaka getini.

"Aabo, nimekosea wapi? Ni sarufi?"

"Sarufi ni nzuri," nikasema, nikaenda msikitini kabla hata ya adhana.

Kesho yake niliiona ile karatasi mezani. Ulikuwa umeifuta sentensi kwa raba mpaka karatasi ikataka kutoboka, ukaandika nyingine juu yake, nzuri zaidi, yenye maana ile ile. Hapo nikajua nimekuacha gizani.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha aliyoileta mama yako kutoka Lamu, kwa sababu ndiyo lugha tuliyocheka nayo nyumba hii. Kisomali changu ni cha mdomo tu, cha kuitana aabo, mwana kwa baba na baba kwa mwana, na Kiingereza, kama utakavyoona, nimewahi kukitumia vibaya.

Unakumbuka nilikaa Buna, kaskazini mwa Wajir, miaka miwili, mwaka wa ukame ule mkubwa na mwaka uliofuata. Wewe ulikuwa darasa la tano, kisha la sita. Najua unachokumbuka: lori likiniteremsha njia panda mara chache kwa mwaka, mimi nanuka vumbi na dizeli, na wewe umesimama nyuma ya mama yako hutaki kunisalimia mpaka akusukume. Nilichokuwa nikifanya huko hukuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusimulia.

Nilikuwa karani katika kituo cha lishe. Kila wiki kina mama walileta watoto wao wadogo kupimwa uzito na kupewa uji na unga wa kwenda nao. Mizani ilining'inia kwenye mti wa mgunga, chini yake kuna suruali ya turubai ambamo mtoto hutumbukizwa miguu, analia, anapimwa. Aliyepima alikuwa mwanamke mmoja wa hapo Buna, Dahabo, mjane mwenye umri wa mama yangu. Hakujua kusoma herufi ila alizijua namba za mizani zote. Alikuwa akizitaja kwa sauti kama mtu anayenadi mbuzi sokoni, mimi naandika.

Mwisho wa mwezi nilijumlisha, nikatengeneza jedwali, kisha nikachora grafu kwa rula kwenye karatasi ya miraba, na chini yake nikaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza wa kuieleza. Ukurasa huo ndio uliokuwa fahari yangu. Watu wa ofisini walikuwa mbali, hawangeona mizani wala mgunga. Wangeniona mimi, kwenye ule ukurasa. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa. Buna, jua likiwa kali na kituo kimefungwa, nilikaa na kamusi nikitafuta maneno ya kusema kushuka. Kiingereza kina maneno mengi ya kushuka, aabo. Kuna la jiwe, kuna la unyoya, kuna la homa inayomwachia mgonjwa. Niliyajua yote. Mwezi mmoja nilitumia moja, mwezi mwingine jingine, ili nisionekane nimerudia.

Miezi ya kwanza mstari wa watoto waliodhoofika ulipanda tu. Halafu ukaanza kushuka. Ukashuka hadi nusu, kisha nusu ya hiyo nusu. Niliuchora kwa furaha. Hakuna mtu aliyeniomba niseme uongo, nataka ulijue hilo. Niliandika kwa moyo mweupe kwamba, kutokana na mchoro, ni dhahiri hali ya lishe ya watoto wa eneo hili imeimarika kwa kiasi kikubwa.

Dahabo alikuja akasimama nyuma yangu, mikono imejaa majivu ya kusugulia sufuria.

"Karani, huu mstari unasema nini?"

"Unasema watoto waliodhoofika wamepungua."

"Wamepungua au hawaji?"

"Kwenye jedwali ni kitu kimoja."

"Mke wa Isaak haji, yule mwenye mapacha. Dada zake hawaji. Upande wote wa machweo hauji, mwezi wa pili huu. Andika hilo."

"Jedwali halina nafasi ya hilo, eeddo," nikamwambia, kama mtu anavyomwita shangazi yake.

Akainama akaitazama karatasi kwa makini, halafu akaweka kidole chake ukingoni. "Na hapa peupe je?"

Nikacheka. Namkumbuka akiniangalia nikicheka. Nikamwambia hapo ni pambizo, hapaandikwi kitu. Akakitoa kidole. Alama ya majivu ikabaki, na mimi, aabo, nikaandika ukurasa ule upya kwa sababu ulikuwa umechafuka.

Ripoti ikaenda na Mutua, dereva wa lori lililotuletea unga na maji. Jibu likarudi naye. Aya ya kwanza ilinisifu: maelezo yangu yalikuwa wazi, yalisomwa katika mkutano. Niliisoma mara mbili kabla sijafika aya ya pili. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa hali imeimarika, lori litahamishiwa mahali penye shida zaidi. Hata baada ya hiyo ya pili nilirudi nikaisoma ya kwanza. Nikamtafsiria Dahabo sifa zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mashallah," akaenda kuteka maji.

Mapacha wale walikuwa Shamsa na Shukri. Shukri alikuwa mtoto wa kulia. Shamsa hakulia hata akiwa ananing'inia hewani. Alikuwa akinyoosha mkono kuelekea kwangu na kushika kalamu yangu, akiing'ang'ania, hata ikabidi Dahabo amfungue kidole kimoja kimoja. Mama yao alikuwa akicheka sana. Alisema huyu ataolewa na karani.

Siku Mutua alipokuja kuchukua mapipa ya mwisho, asubuhi, Isaak aliingia kituoni kwa miguu akiongoza ngamia. Juu ya ngamia, ndani ya kitanda cha fito na mikeka, alikuwa Shukri. Alisema injini ya kisima cha kwao imekufa zaidi ya miezi miwili sasa. Watu wamehamia visima vya zamani, mbali zaidi, mwendo wa siku mbili hadi Buna. Mwanamke hawezi kutembea siku mbili na watoto kila wiki, kuja kupimwa na kurudi. Walikuwa wanangoja mtu awafuate. Walidhani kwa kuwa majina yao yako kwenye daftari, atakuja mtu kuuliza.

Nikamuuliza, na Mungu anisamehe kwa ujinga ule, "Na Shamsa yuko wapi?"

Isaak akatazama viganja vyake.

Dahabo akasema kwa sauti ya chini, "Karani, huyu usimuulize tena."

Nilikwenda kwa Mutua. Alikuwa anakaza kamba za mapipa. Nikamwambia twende machweo. Akasema, "Karani, karatasi yangu ya safari inasema Wajir. Nikikamatwa na mafuta yameisha njia nyingine, nitasema nini?" Dahabo hakungoja jibu. Alipanda mbele na Shukri mapajani, akafunga mlango. Kisomali chake Mutua hakukielewa, kwa hiyo alimsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Derefa, wewe iko na watoto?"

Mutua akamtazama yule mtoto. Akapanda, akawasha gari.

Tulisafiri kutwa nzima bila barabara, Isaak akining'inia mlangoni kuonyesha njia. Mara mbili Dahabo alipiga dashibodi kwa kiganja, "Simama haba, simama haba," kwa sababu ameona moshi ambao sisi hatukuuona. Tuliwakuta. Siyo wote. Tulifunga mizani kwenye chuma cha nyuma ya lori, Dahabo akapima, lakini hakunadi tena namba. Alininong'oneza. Mama yake Shamsa alimleta mtoto wa jirani kupimwa, akanisalimia kama zamani, akauliza habari za nyumbani kwangu. Aliuliza kama nina watoto. Nikasema nina msichana mmoja, Garissa, yuko darasa la sita. Akasema, "Allah akutunzie." Nilikuwa nimeshika kalamu ile ile. Sikujua niiweke wapi.

Ripoti ya pili niliiandikia juu ya boneti ya lori, inaungua kwa jua. Haikuwa na neno hata moja la kamusi. Watoto hawakupona. Hawakuja. Niliambiwa kwamba hawaji, na sikuandika. Injini ya kisima imekufa. Halafu niliandika idadi ya makaburi mapya tuliyoonyeshwa. Hapa sitaiandika. Pambizo nililijaza lote, juu, chini, pembeni, kwa majina ya familia kama Dahabo alivyoyataja.

Lori lilirudishwa baada ya wiki tatu, fundi wa injini akaja baadaye kidogo. Shukri alipona. Nasikia sasa anachunga mbuzi wa baba yake na ana domo kweli kweli. Mutua alipewa barua ya onyo kwa ajili ya mafuta, akaifanya ya kufungia miraa. Mimi sikupewa onyo. Hakuna aliyenigombeza, Ifrah. Ripoti yangu ilirudi na mhuri wa kwamba imepokewa. Nilingoja miezi mtu aniulize, "Wewe uliandikaje vile?" Hakuuliza mtu. Ndiyo sababu nimelibeba mwenyewe mpaka leo, nikijiuliza kila mara.

Lakini sijafika kwenye kosa ninalotaka kukuomba radhi kwalo.

Muhula ule ule ripoti yako ya shule ililetwa Buna na mtu aliyetoka Garissa. Ulikuwa wa tatu, ukawa wa ishirini na sita. Na mimi, mtu niliyetoka kuzika aibu yangu majuma machache kabla, nilichukua kalamu nikakuandikia. Wewe unayo barua ile? Natumaini umeichoma. Nilikueleza ulivyoshuka, somo kwa somo, kama ninavyoeleza grafu. Kisha nikaeleza maana yake: uvivu, na marafiki wabaya. Nilikuwa sijui jina la rafiki yako hata mmoja.

Ulinijibu mstari mmoja. "Aabo, nitajitahidi."

Nilipopata likizo nikaja, nilimkuta mama yako amelala chumbani. Mimba ilikuwa imetoka, na alikuwa kitandani karibu muhula mzima. Shangazi yako alikuja alipoweza. Siku nyingine zote ulikuwa wewe: maji bombani kabla ya jua, uji, nguo, dawa, halafu shule baada ya kengele, viboko vya kuchelewa, na kusinzia darasani. Mama yako hakuniandikia kwa sababu hakutaka nihangaike nikiwa mbali. Wewe hukuniandikia kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimesema tu.

Uliinama jikoni unapuliza makaa. Hukuinuka. Nywele zako zilikuwa na majivu. Nilisimama mlangoni na begi begani, na maneno yote niliyopaswa kuyasema yamejaa kifuani, na kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Hisabati imekuwaje?"

Ukasema, "Hamsini na moja," ukaendelea kupuliza.

Nilikaa siku nne, nikarudi Buna.

Nisamehe, aabo. Najua umeshasahau, au umekuwa na adabu ya kujifanya umesahau. Nisamehe hata hivyo.

Kuna kitu mama yako anakijua na wewe hukijui. Nikiwa sokoni nikaona msichana wa miaka kumi na moja hivi amebeba jerikeni, napunguza mwendo. Namtazama anavyohamisha mkono, anavyoisimamisha chini kupumzika. Nataka kuona ulivyokuwa unafanya. Sikukuona. Nina miaka miwili ya maisha yako ambayo ninayo kwenye karatasi tu: alama, nafasi, siku ulizohudhuria. Ninazo zote, zimefungwa kwa uzi kwenye kasha langu. Ningezitoa zote nipate asubuhi moja ya wewe na mimi tunapanga foleni bombani, unaniambia unaota nini, nani kakuudhi, kwa nini umechukia viatu vyako. Sauti yako ya utoto iliondoka nikiwa mbali. Siku moja nilishuka kwenye lori, ukasema "karibu, aabo," kwa sauti ya mtu mkubwa, na hakuna aliyeweza kuniambia ilibadilika lini.

Sasa ile sentensi yako. Wakati wa mafuriko wewe mwenyewe ulikuja nyumbani ukaniambia dawa zimeisha zahanati kwa sababu barabara imekatika, na watu wameacha kwenda, wanalala nyumbani na homa zao. Ulinisimulia habari za mtoto wa jirani aliyebebwa kwa mkokoteni mpaka hospitali kubwa. Ulijua. Ulijua vizuri kuliko grafu. Halafu ukakaa mezani, ukachora mstari unashuka, ukaandika kwamba watu wamepona, kwa sababu ndivyo mstari unavyotaka kusemwa na sentensi ilikuwa nzuri. Sikuona insha yako hapo. Nilijiona mimi chini ya mgunga, na kidole cha Dahabo kikitoka kwenye karatasi.

Kwa hiyo jibu langu, umechelewa kulipata, ni kwamba hukukosea sarufi. Eleza mstari ulivyo, wapi ulipanda na wapi ulishuka, hiyo ni kazi ya macho na wewe macho unayo. Unapotaka kusema kwa nini, ndipo kalamu itulie kidogo. Nani alihesabiwa? Nani hakufika kuhesabiwa? Kiingereza kina neno dogo la kusema huenda. Mimi nililidharau, nilidhani ni la watu wasio na uhakika na kazi yao. Litumie. Siwezi kukuahidi kwamba msahihishaji atakupa alama kwa hilo. Pengine atakupunguzia. Kubali apunguze.

Na ukishafaulu ukaenda huko kwenye baridi kusomea afya ya jamii, utapewa majedwali mengi kuliko niliyowahi kuyaona mimi, na baadhi yatakuwa yetu, ya Wajir, ya Mandera, ya wale wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera wanaopanga foleni na kadi. Watakaa wenzako werevu wazungumze juu ya mistari yetu. Wengi watakuwa watu wazuri. Mimi pia nilikuwa mtu mzuri. Wewe utakuwa umewahi kuchota maji bombani kabla ya jua. Usione haya kusema unachokijua kwa sababu tu hakina safu yake.

Mkono umechoka, na mwanga unapungua. Nilitaka kukuuliza namna ya kuandika neno moja hapo juu, nikakuita: "Ifrah!" Kama ninavyokuita kila siku, bila hata kuinua kichwa. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Mama yako akatokea mlangoni anafuta mikono kwenye leso, akaniambia umeenda kwa shangazi yako kumuaga, umetoka kitambo, ulipita hapa hapa mbele yangu ukaniona nimeinama ukaogopa kunikatiza.

Halafu akaniangalia, akaziona karatasi, akauona uso wangu.

"Baba Ifrah," akasema taratibu, "ni kesho. Leo bado yupo."

Nimeacha neno lile kama lilivyo. Nimevaa ndala, naja kwa shangazi yako kukuchukua, turudi pamoja kwa miguu.

Wako,
Aabo